Magoti ya Mama Kelvin

Kalista alikuwa na miaka hamsini na nne, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba ana dharau. Kwamba ana mdomo, aliambiwa, na hakukataa. Kwamba ni mbishi, kwamba anaweza kubishania bei ya kopo moja la maharage hadi mteja akasahau alifuata nini sokoni, hayo nayo aliyasikia na akacheka. Lakini dharau, hapana. Ndiyo maana neno alilotupiwa Pasaka ile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, likawa haliendi chini wala halirudi juu.

Neno lenyewe lilitoka kwa Bibi Silvana wa kijiji cha Msanzi, mama mzazi wa Beda, mume wake. Bibi alikuwa anakaribia miaka tisini na macho yake yalikwisha kupofuka kabisa. Kwa Wafipa mkwe hasalimiwi kama mtu uliyekutana naye stendi. Unashuka chini mpaka magoti yaguse ardhi, unakunja viganja, unapiga makofi ya taratibu, ndipo unatoa salamu yako. Naye anakuitikia polepole, anauliza habari za nyumbani, za watoto, za mashamba, na wewe uko pale pale chini hadi amalize. Kalista alifanya hivyo kwa miaka thelathini na moja bila kufikiri, kama mtu anavyovua viatu mlangoni.

Pasaka ile goti la kulia likakataa. Aliinama nusu, likapiga kelele ndani kama mkaa mbichi motoni, akashika fremu ya mlango. Na kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa mlangoni, makofi yakashindikana. Akapiga paja lake kwa mkono uliobaki, mara mbili, akatoa salamu.

Bibi Silvana akainua uso, akaelekeza sikio darini.

"Nani huyo ananisalimia kutoka juu?"

"Ni mimi, mama. Mama Kelvin."

Bibi akamgeukia Winifrida, mke wa mdogo wake na Beda, aliyekuwa akiishi naye hapo nyumbani, akamuuliza kama maharage yameiva. Siku nzima hakumwitikia Kalista. Chai aliyoandaliwa na Kalista aliinywa, mgongo aliokandwa na Kalista aliuacha ukandwe, ila salamu haikurudi. Wakati wa kuondoka Beda alimnong'oneza mama yake kwamba mkewe anaumwa magoti. Bibi akajibu kwa sauti ambayo hata kuku wa uani waliisikia: "Magoti ya miaka hamsini yanaumwa nini? Mjini wamemfundisha kunisimamia kichwani."

Kalista alilia njia nzima hadi Sumbawanga. Beda, ambaye ni mtu mwema lakini hajui la kufanya na machozi, alimpa andazi.

Si kwamba alikuwa amekaa tu na maumivu yake. Hospitali walimpiga picha, daktari akamwambia gegedu za magoti zimelika kidogo, akampa dawa za kutuliza na kumwambia apunguze uzito. Sokoni walimweleza kwa lugha nyepesi zaidi: mafuta ya magoti yameisha. Dawa yake, wakasema, ni bamia. Kalista akapika bamia asubuhi, akapika bamia jioni, akaongeza na supu ya kongoro, mpaka siku moja Beda akasukuma sahani na kuuliza kama na yeye anatibiwa. Magoti hayakusikia lolote. Kalista akaamua kuyapumzisha. Akaacha kwenda kisimani, akaacha kupanda ngazi za kanisa akawa anasali akiwa mlango wa chini, akamwajiri kijana wa kumsukumia mkokoteni. Kadiri alivyoyapumzisha ndivyo yalivyozidi kumnyima raha.

Nyumba yao mtaa wa Milanzi, hapo mjini, ina vyumba viwili vya uani vya kupangisha. Kimoja alikaa Janeth, binti kutoka Mbeya, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliyehamishiwa Sumbawanga mwaka uliotangulia. Kalista alidhani kazi ya namna hiyo ni ya kuwakanda wachezaji mpira. Jumamosi moja ya mwezi wa tano, baridi ya Ufipa ikiwa imeshika kwelikweli, Janeth alikuwa anaanika nguo akamwona mama mwenye nyumba anapanda kidaraja cha baraza: mkono ukutani, mguu mmoja, kupumua, mguu wa pili, na "Yesu na Maria" juu yake.

"Shikamoo mama. Hilo goti lina muda gani?"

"Marahaba. Lina muda wa kunitosha."

Janeth akacheka, akaja akapiga magoti mbele yake pale pale barazani, jambo lililomuumiza Kalista kwa wivu, akalishika goti, akalikunja, akalinyoosha, akabonyeza na paja lote.

"Mama, goti lako halijafa," akasema. "Tatizo kubwa liko huku kwenye paja. Misuli ndiyo inayolibebea goti mzigo, na hii yako imelala. Unalipumzisha goti, kumbe unalinyima msaidizi."

"Kwa hiyo bamia?"

"Bamia ni mboga nzuri, mama."

Kisha Kalista akamweleza habari ya Msanzi, yote, mpaka kile kipande cha kupiga paja. "Nataka kushuka mbele ya mama mkwe wangu," akasema. "Mara moja tu kabla hajafa. Nataka aniitikie."

"Krismasi," Janeth akasema. "Nipe hadi Krismasi. Ila kushuka ni nusu ya kazi, mama. Nitakufundisha kuinuka. Anayejua kuinuka haogopi kushuka."

Wakaanza na kiti cha mezani, kikawekwa mito miwili juu. Kazi ilikuwa kukaa na kuinuka, basi. Kukaa taratibu kwa kuhesabu hadi tatu, bila kujibwaga, na kuinuka bila mikono. Mara kumi, kupumzika, mara kumi tena, siku tatu kwa wiki na siku ya mapumziko katikati. Halafu kusimama ukutani na kunyanyua visigino. Halafu ndoo ndogo yenye makopo mawili ya maharage: kuinyanyua kwa kukunja nyonga, mgongo umenyooka, na kuishusha vilevile. Kila maumivu yakiruhusu, kopo moja linaongezwa. Na sheria ya Janeth ilikuwa hii: "Yape maumivu alama, kuanzia sifuri hadi kumi. Mpaka tatu, endelea. Yakizidi hapo, punguza. Na yakilala nawe hadi asubuhi, ujue jana ulizidisha."

Beda alitazama haya akiwa mlangoni na kikombe chake cha chai. "Mke wangu anaenda jeshini," akawaambia majirani. Wiki ya tatu mito ikapungua ikawa mmoja. Wiki ya sita ikabaki kiti kitupu. Mwezi wa saba Kalista alipanda kidaraja cha baraza mikono yake miwili ikiwa imebeba sufuria, na alikuwa amekwisha kufika jikoni ndipo akagundua kwamba hakushika ukuta. Akarudi akakipanda tena kuhakikisha.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na aliyeyaharibu ni mwenyewe, kwa moyo mweupe kabisa.

Janeth alichukua likizo akaenda kwao Mbeya wiki mbili. Aliacha maagizo: endelea hivyo hivyo, usizidishe. Shida ya Kalista ilikuwa kuhesabu. Kumi siyo nyingi, lakini yeye akifika ya nne tayari mawazo yako sokoni, bei ya gunia imepanda, Kelvin hajapiga simu tangu Jumapili, na mara hajui kama hii ni ya sita au ya tisa. Siku ya kwanza peke yake alivurugikiwa mara tatu. Siku ya pili akapata akili, akatoa rozari yake mfukoni. Punje moja, Salamu Maria moja, kuinuka kumoja. Ikaenda vizuri ajabu. Alipanda kwa "Salamu Maria", akashuka polepole kwa "Mtakatifu Maria", na punje hazisahau hesabu.

Ila rozari haikatwi njiani. Wewe muulize Mkatoliki yeyote wa Ufipa aliyelelewa na masista. Ukimaliza tendo la kwanza, punje kumi, yamebaki manne, na Mama Maria anakusubiri. Kalista akamaliza matendo yote matano. Hamsini. Akaona joto zuri miguuni, akaona na neema. Kwa nini basi apumzike kesho yake, wakati kusali ni kila siku? Akaamua iwe novena. Siku tisa mfululizo, hamsini kila siku, kwa nia ya magoti yake na ya moyo wa Bibi Silvana.

Siku ya sita goti lililala naye hadi asubuhi. Akalipuuza, kwa sababu novena ikikatwa siku ya sita si novena tena. Siku ya tisa alimaliza akilia, akajikokota hadi kitandani. Asubuhi goti lilikuwa limevimba kama andazi, na Kalista, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ndoa, hakwenda sokoni kwa sababu hakuweza kuvaa gauni amesimama.

Janeth aliporudi alikuta kiti kimerudishwa mezani na maharage ya ndoo yamepikwa.

"Nimeacha," Kalista akamwambia, mguu juu ya stuli. "Mungu mwenyewe amekataa. Krismasi Beda atapeleka blanketi. Mimi nitabaki."

"Umefanya nini, mama?"

"Ulichoniambia."

"Mara kumi?"

Kalista akageuza uso. Aliona haya, kwa sababu alijua kabisa kwamba kumi na hamsini si ndugu. Mwishowe akatoa rozari, akaieleza. Janeth ni Mmoravian. Aliishika ile rozari kwa uangalifu kama kitu cha mtu, akauliza punje ni ngapi kwenye kila fungu, Salamu Maria moja inachukua muda gani, akaomba asomewe. Kalista akasali, Janeth akitazama saa. Kisha binti akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa.

"Mama, hii ni nzuri kuliko saa yangu. Mwendo wake ndio ule ule ninaowabembeleza watu wauchukue, hawataki. Kosa lako si rozari. Kosa ni matendo manne."

"Siwezi kuyaacha hayo manne."

"Usiyaache. Yasali umekaa."

Kwa siku zote tisa Kalista hakuwa amewaza kwamba mtu anaweza kugawa: tendo moja la miguu, manne ya moyo. Akamuuliza padre Jumapili, kwa kujihami. Padre, ambaye naye kiuno chake kilikuwa kinamsumbua, akamuuliza hicho kiti kinatakiwa kiwe na urefu gani.

Uvimbe ulichukua wiki tatu kuondoka. Wakarudi nyuma, mito miwili juu ya kiti kama mwanzo, na hilo lilimuuma Kalista kuliko goti lenyewe. Lakini safari hii alipanda haraka zaidi, kwa kuwa mwili ulikuwa unaikumbuka njia. Mwezi wa tisa kiti kikaondoka likaja benchi fupi la Beda. Mwezi wa kumi kreti ya soda iliyopinduliwa. Ndoo ikafika makopo tisa. Alasiri moja alimkuta Beda stoo, anakaa na kuinuka juu ya gunia la mahindi, midomo inacheza. Beda akasema alikuwa anatafuta panya.

Kisha Winifrida akapiga simu kutoka Msanzi.

"Dada, bibi hainuki tena mwenyewe. Tunamnyanyua watu wawili, asubuhi na jioni. Anakaa tu pale jikoni. Chakula anakula, ila hazungumzi sana."

Kalista akakata simu, akaenda moja kwa moja kwenye kreti. Alipomaliza tendo la kwanza akataka la pili. Alikuwa na hofu hasa, hofu ya kwamba mwanamke aliyempokea akiwa binti wa miaka ishirini na mitatu, aliyemfundisha kusonga ugali wa ulezi usio na madonge, atakwenda kaburini akiamini kwamba Kalista alimdharau. Alishika punje ya kumi na moja kwa muda mrefu. Halafu akakaa chini, akasali yaliyobaki akiwa amekaa, na machozi yakimwagika juu ya rozari. Ile ndiyo ilikuwa siku ngumu kuliko zote, na hakuzidisha hata mara moja.

Wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili akafikia kigoda cha jikoni. Baada ya kigoda, Janeth akatandika khanga iliyokunjwa mara nne sakafuni. Mguu mmoja mbele, mikono huru, goti la nyuma lishuke polepole kama mtu anayeweka yai chini. Kalista akashuka. Goti likagusa khanga. Maumivu mawili, akasema, labda mawili na nusu. Akabaki pale chini, akatazama ukuta wa nyumba yake kutoka urefu ambao hakuuona kwa miezi mingi, akacheka peke yake hadi Janeth naye akacheka.

Krismasi mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na Msanzi ilinukia udongo na moshi. Watu walikuwa wamerudi kutoka misa. Bibi Silvana alikuwa jikoni karibu na moto, juu ya kigoda chake, amejifunika blanketi la zamani. Winifrida alikuwa anachambua mchele. Beda alibaki mlangoni, na kwa uoga tu akavua kofia.

Kalista akakunja khanga, akaiweka chini mbele ya mama mkwe wake. Akatanguliza mguu wa kushoto. Akashuka. Hakushika mlango, hakushika bega la mtu. Goti la kulia likafika, la kushoto likalifuata, akakunja viganja akapiga makofi ya taratibu, akatoa salamu kwa Kifipa, yote, bila kuruka neno.

Bibi Silvana aligeuza kichwa huku na huku. Akanyoosha mkono mbele, ukapapasa hewa, ukashuka, ukakuta kilemba cha Kalista mahali ambapo kichwa cha mkwe kinatakiwa kiwe. Mkono ukabaki hapo.

"Mama Kelvin," akasema.

"Naam, mama."

Na Bibi akaitikia. Aliitikia salamu ya siku ile, kisha akauliza habari za nyumbani, za watoto, za mashamba, za soko, na kwa vile alikuwa na deni la miezi minane, akauliza mpaka habari za ng'ombe wa jirani aliyekufa zamani. Kalista akajibu yote. Magoti yalifika alama ya tatu, akayaacha yakae hapo.

"Nilidhani umenichoka," Bibi akasema mwishoni, kwa sauti ndogo. "Nilisikia salamu kule juu, nikasema sasa huyu naye ananiaga."

"Nilikuwa naumwa, mama. Niliona haya kusema."

"Mimi nami naona haya. Wananibeba kama gunia." Mkono wake ukatoka kichwani kwa Kalista. "Haya, inuka. Beda, mshike mkeo."

"Asinishike," Kalista akasema. Akarudisha mguu wa kushoto mbele, akaegemeza mwili, akasukuma kwa kisigino, akasimama.

Bibi Silvana alikuwa ameinamisha sikio. Mtu asiyeona husikia mengi: hakusikia mkono ukutani, hakusikia "Yesu na Maria", wala mguno.

"Umeinukaje?"

"Nimefundishwa, mama."

"Na nani?"

"Na binti wa Mbeya. Na rozari."

Bibi akafikiri. Akaingiza mkono ndani ya blanketi, akatoa rozari yake ya mbao iliyolainika kwa miaka. "Basi nifundishe mimi."

Winifrida akasema bibi ataanguka. Beda akasema wangoje kwanza. Kalista hakumsikiliza yeyote. Alimwagiza Beda kiti cha sebuleni chenye mikono, akaweka juu yake mablanketi mawili na mto, kikawa kirefu kama cha mfalme, wakamhamishia Bibi hapo. Akaikagua miguu ile myembamba, akairudisha nyuma kidogo chini ya magoti. Kisha akapiga goti mbele yake, safari hii si kwa salamu, akaweka mikono yake karibu bila kumgusa.

"Pua ije mbele kwanza, mama. Sukuma mikono ya kiti. Tunapanda na Salamu Maria. Ni tatu tu leo, si zaidi. Mimi najua kwa nini nasema si zaidi."

Ya kwanza Bibi alinyanyuka kiganja kimoja tu, akarudi. Ya pili akanyanyuka nusu, akarudi, akavuta pumzi, akalaani kidogo kwa Kifipa, na Winifrida akageuka kuficha kicheko. Ya tatu akaanza sala kwa nguvu kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Pua ikaja mbele. Mikono ikasukuma. Blanketi likaanguka. Na Bibi Silvana akasimama, peke yake, vidole tu vikigusa mbao za kiti, akaimaliza sala yote amesimama.

Kalista alikuwa bado amepiga goti, machozi yanamtoka na hana habari nayo.

"Mama Kelvin, uko wapi?"

"Niko hapa chini, mama."

"Nisalimie tena," Bibi akasema kutoka juu. "Haraka, kabla sijakaa."